Wakili wa Pande Mbili

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa nyumba za mawe, jina lake Mwinyi Zahoro. Alikuwa na majumba ya ghorofa kila mtaa. Alipoona uzee unabisha hodi, akaanza kuyauza vipande vipande: huyu chumba cha chini, yule ghorofa ya juu. Hilo halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika sharti lake.

"Anayenunua kwangu asiniletee wakili wake," alisema. "Wakili ni mmoja tu, Msabaha wangu. Ataniandikia mimi, na atamwandikia yeye. Asiyetaka, njia ile pale."

Watu wakaona nafuu hiyo: wakili wa bure! Akatangulia Makame Jongo, fundi wa kushona kanzu, akanunua ghorofa kwa hati yenye muhuri mkubwa kama sahani. Siku ya kuhamia akaambiwa: dari yako, madirisha yako, lakini ngazi haimo kwenye hati. Ngazi ni ya Mwinyi. Tangu hapo Makame huingia kwake kupitia dirishani, kwa ngazi ya mti aliyoazima kwa wapaka chokaa. Na mkewe, mwanamke mwenye mwili wake, hajashuka chini tangu Idi. Mungu atusamehe, mji mzima ulicheka.

Bi Mize hakucheka. Yeye alikuwa mpika vitumbua, mjane, mpangaji wa Mwinyi kwenye ghorofa ya juu, akiishi na mama yake ambaye miguu ilikwishakataa kazi. Kumshusha bibi yule kwa ngazi ya mawe kulikuwa shughuli ya wanaume wawili, sembuse kupitia dirishani! Na sasa Mwinyi alikuwa amempa neno: Ijumaa, anunue au ahame. Bei walikwisha kuelewana. Kilichobaki ni huyo wakili.

Bi Mize alikuwa mcha Mungu, ila alikuwa na kasoro moja, nayo ni ulimi. Kila alfajiri aliutubia, na kabla vitumbua havijaisha kwenye sinia alikuwa amekwisha kuutumia tena. Ijumaa ile alikaa kwenye mswala zaidi ya kawaida yake.

"Ya Rabi," akaomba, "leo niachie huu ulimi. Kesho nitatubu yote kwa mara moja."

Baada ya sala ya alasiri, baraza ya Mwinyi ilijaa. Mwenyewe alikuwa amewaalika watu waje kuushuhudia ukarimu wake. Msabaha alikuwa ubavuni pake, kalamu sikioni.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba, Bi Mize. Karibu. Wakili wako huyu hapa."

"Ni wangu?"

"Wako na wangu."

"Ni mwaminifu?"

"Msabaha? Wallahi, mbele ya waungwana hawa, mji huu hauna mwaminifu wa kumfikia!"

"Alhamdulillahi. Basi aje akae huku kwangu kidogo, nina la kumwuliza."

Msabaha akainuka, akavuka baraza, akakaa upande wa Bi Mize.

"Wakili wangu, ghorofa hii ninayoinunua ina ila gani?"

Msabaha akakohoa. Akamtupia jicho Mwinyi.

"Usimtazame yule, baba. Yule ni mtu wa upande wa pili."

"Bi Mize, siri za Mwinyi mimi siwezi kuzitoa."

"Kumbe siri zipo! Haya, rudi kwake. Mwambie kuna mwanamke anauliza habari za ngazi."

Msabaha akavuka tena. Akanong'ona, akanong'onezwa.

"Amesemaje?" akauliza Bi Mize.

"Siwezi kukwambia. Huku mimi ni wakili wake."

"Basi njoo huku uwe wangu, uniambie."

Akavuka, akakaa, akafungua kinywa, akakifunga.

"Bubu tena? Rudi kwake ukaulize kama wakili wangu ana ruhusa ya kusema nami."

Akavuka. Akarudi. Jasho lilikuwa linamchuruzika, kiatu kimoja kimebaki katikati ya baraza. Muuza kahawa hakuweza kujizuia.

"Jamani, mpisheni wakili, anakwenda Safa na Marwa!"

"Astaghfirullah!" wakasema wazee, huku wamejifunika vilemba wasionekane wanavyocheka.

Mwinyi akapiga bakora sakafuni. "Basi! Mwanamke, unataka nini?"

"Nataka wakili wangu peke yangu, Mwinyi. Akiniuma sikio, liwe langu tu."

"Wakili gani atakayehangaika na mpika vitumbua?"

"Hilo niachie mimi."

"Haya, chagua! Mtake umtakaye, hata huyu muuza kahawa! Naapa mbele ya watu, utakayemtaja ndiye atakayekuandikia, nami sitampinga. Lakini ukijichagulia mjinga usije kunililia mlangoni."

"Yeyote?"

"Yeyote!"

"Na akiwa wangu, hatakuwa wako tena?"

"Si ndivyo unavyotaka? Kila mtu na wake!"

"Waungwana, mmemsikia?"

"Tumemsikia!" baraza ikaitikia.

Bi Mize akauweka sawa mtandio wake. Akamgeukia Msabaha, aliyekuwa amesimama katikati ya baraza akitafuta kiatu chake.

"Njoo, baba, kaa kitako, umechoka. Mwinyi mwenyewe ameapa kuwa mji huu hauna mwaminifu kama wewe, na hakuna mwingine anayejua ngazi zake zinapotelea wapi. Ya kwangu iandike mstari wa kwanza. Nawe, Mwinyi wangu, fanya haraka, jua linazama. Kamtafute wakili wako."