Kicheko cha Mwavita

Paukwa!
Pakawa!
Watoto wamelala?
Wamelala.
Basi nisogeleeni, nisipaze sauti.

Zamani sana, bibi zetu hawajazaliwa, palikuwa na msiba. Alikuwepo Mwavita, mjane, na Kidawa, mwanawe anyonyaye. Alikuwepo Shomari, shemeji yake. Alikuwepo Mkude, mtani wa marehemu. Alikuwepo Bibi Semeni, mkunga mzee. Na wengine, wa kulia na wa kuchota maji.

Mnawajua watani msibani. Mkude alijilaza njiani, jeneza lisipite.

"Simpishi! Huyu mkoromaji, atawaamsha wenzake huko!"

Watu wakacheka. Mwavita naye akacheka. Kwe-kwe-kwe!

Mkude akamrushia unga. "Mjane kanijibu!"

Wakacheka tena. Wakanyamaza. Mwavita hakunyamaza. Kwe-kwe-kwe! Kwe-kwe-kwe! Mikono ikalegea. Mtoto akaponyoka. Pu!

Shomari akamwokota, damu inatoka kwenye paji.

"Umemla ndugu yangu, sasa unacheka! Mchawi we! Leo hii uende kwenu. Mtoto anabaki."

Mwavita akazidi kucheka. Kwe-kwe-kwe!

Bibi Semeni akasogea. Akamshika kidevu, taratibu, akamfuta unga usoni. Akamtazama macho.

"Mkude, wewe ndiye fundi wa vicheko. Hiki ni cha nini?"

Mkude akasikiliza. Tabasamu likamfutika.

"Si cha dhihaka, Bibi. Cha dhihaka kina mtu kinayemtafuta. Si cha furaha. Cha aibu hujificha, hiki hakijifichi. Hiki sikijui."

"Mimi nakijua. Tazameni macho, yameganda. Tazameni mate. Mdomo unacheka, mwenyewe hayupo. Ni ugonjwa. Dada yangu alikuwa nao. Tukamwita mchawi, tukamfukuza. Siku ya tatu tulimkuta mtoni, amelala kifudifudi."

Mara kicheko kikakatika.

Mwavita akapepesa macho. "Mbona mnanitazama hivyo? Mwanangu yuko wapi?"

Shomari akainama. Akampangusa mtoto damu kwa shuka lake mwenyewe, akampa Bibi Semeni. Bibi akamweka Kidawa kwenye titi la mama yake. Mkono wake akauacha pale pale, chini ya mtoto.

"Kuanzia leo," akasema, "mkisikia kwe-kwe-kwe, msiulize kitu. Mpokeeni mtoto."

Wakafanya hivyo. Anayelima aliacha jembe. Anayetwanga aliacha mchi. Shomari aliwahi kutoka mbio bafuni, povu hadi masikioni.

Dawa hawakuwa nayo. Masika ya pili kicheko kilikuja asubuhi, kwe-kwe-kwe, hakikukatika hadi jua la utosi. Mwavita akafa, kichwa chake mapajani mwa Bibi Semeni, watu wamemzunguka. Hakuna aliyetaja uchawi.

Ngano yangu naitua hapa. Ukimsikia mtu anacheka, mtazame macho kabla hujamhukumu.

Na Kidawa alikua, akazeeka. Kila aliposikia mtu anacheka, alinyoosha mikono kwanza, kama anayepokea kitu, ndipo akacheka naye.