Mizani ya Baba Limi

Sogeeni huku mbele, nafasi zipo. Mnajibana huko nyuma kama watu wanaokimbia sadaka. Haya. Leo nina mfano, na nawaambia mapema kwamba si mfano wa kufurahisha. Nimeukwepa Jumapili nyingi. Leo umenishinda, lazima niuseme.

Alikuwapo mkulima mmoja wa pamba, ana mke, ana mtoto mmoja wa kike jina lake Limi, na ana baiskeli. Kijiji kizima kilimwita Baba Limi, kama desturi yetu ilivyo. Ukishazaa, jina lako la ujanani linabaki kwenye karatasi tu. Baiskeli yake ilikuwa ile nzito ya Kichina, mnaijua, yenye keria ya kubebea gunia, stendi ya miguu miwili, madigadi mbele na nyuma, na kengele ya kufukuza mbuzi. Juu ya keria ile alikuwa akimpakia mkewe, mtoto mgongoni kwa mama yake, wanakwenda kliniki kila mwezi Limi akapimwe uzito. Kliniki yenyewe mbali hasa. Ninyi mnaokaa kando ya lami hamjui habari hizo.

Mwaka ule ikatangazwa kwamba siku ya sikukuu ya wakulima kutakuwa na mbio za baiskeli, na mshindi atapewa ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake. Baba Limi aliposikia, usingizi ukamruka. Maziwa ya mkewe yalikuwa yamepungua, na mtoto ndiyo kwanza anajifunza kumeza uji. Akasema, "Mama Limi, nikimpata yule ng'ombe, mtoto wetu atakunywa maziwa mpaka yamtoke puani."

Tusimwonee mtu. Alianza hivyo, kwa kumpenda mwanawe. Wangapi humu ndani tumeanza jambo kwa nia safi kama hiyo?

Sasa fundi baiskeli akamtia maneno. "Kaka, miguu unayo, lakini hilo lichuma lako ni zito mno. Lipunguze. Na huwezi kulipunguza kama hujui lina kilo ngapi." Basi Baba Limi akafunga safari kwenda mjini kutafuta mizani ya kupimia baiskeli nyumbani, tena iwe rahisi, maana hela ya mkulima mnaijua.

Muuza duka akamtolea moja baada ya nyingine. Kwanza ile ya kusimama juu kwa miguu, ya watu wanaojipima unene. "Unasimama na baiskeli mikononi, unasoma. Unasimama peke yako, unasoma. Unatoa." Baba Limi akapanda juu amekumbatia baiskeli, mshale ukacheza huku na huku kama umelewa, akashuka, akasema hapana. Akaonyeshwa ya betri, ya kupimia mabegi ya wasafiri, inaandika namba. Akauliza bei, akairudisha taratibu juu ya meza. Akaonyeshwa ya kupimia pamba, ile kubwa, na hiyo hata hakuigusa. Hizo anazijua. Miaka yote amegombana nazo.

Mwisho muuza duka akainama chini ya kaunta akatoa mizani kuukuu ya duara, ya kuning'iniza, rangi imebanduka. Ina kulabu juu na kulabu chini. "Hii nakupa bei ya kutupa. Ni ile ya kliniki, ya kupimia watoto. Haizidi kilo ishirini na tano, baiskeli yako itaingia. Na kimfuko chake hiki hapa, cha kumtumbukizia mtoto. Una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi umepata mara mbili."

Baba Limi akacheka. Akaagiza pakiti mbili za sukari za kilo moja moja zitundikwe, maana mkulima wa pamba haamini mizani kwa maneno. Mshale ukasimama kwenye mbili sawasawa, haukutetereka. Akalipa. Nataka mlikumbuke hilo, ndugu zangu: ile mizani ilikuwa ya kweli. Haikumdanganya hata mara moja.

Akaitundika kwenye boriti ya sebuleni. Kila asubuhi akawa anaamka, anaining'iniza baiskeli, anasogeza macho, anasoma. Akafungua kengele, akapima. Akafungua madigadi, akapima. Stendi, akapima. Kifuniko cha cheni, akapima. Siku alipofungua keria, mshale ulirudi nyuma kiasi kwamba alipiga vigelegele yeye mwenyewe, mwanaume mzima. Na masikio ya chuma yaliyoshika keria akayakata kwa msumeno, yasije yakaongeza hata robo. Vyuma vyote akavilundika kwenye pembe ya nyumba. Ungemwamsha usingizini angekutajia uzito wa kila kimoja.

Kile kimfuko cha mtoto? Alikichana vipande viwili, akafutia grisi ya cheni.

Mnaona kinachokuja. Keria haipo, mama atakwenda kliniki na nini? Alikwenda mara moja kwa miguu, jua likamchelewesha, akakuta wamefunga. Baada ya hapo ikaja kazi ya kuvuna pamba, na mvunaji amebaki yeye peke yake, kwa sababu mwenzake yuko barabarani anafanya mazoezi. Mayai ya nyumba ile yakaliwa na mpanda baiskeli, kwa sababu lazima apate nguvu. Karanga, mpanda baiskeli. Limi akabaki na uji mweupe.

Asubuhi moja mama akasema, "Baba Limi, mtoto namwona anapungua. Hebu tumpime hapo."

"Anarefuka tu huyo. Watoto wakirefuka hupungua."

"Si tumtundike tuone? Mizani si hiyo?"

"Atarusha miguu, springi italegea, na mimi nataka vipimo vya uhakika. Vumilia kidogo, Mama Limi. Ng'ombe akija, yote haya yamekwisha."

Najua mnavyonong'ona huko. Kwa nini mama asimpime mwenyewe, bwana akiwa barabarani? Mnauliza kama hamzijui nyumba zetu. Wewe mama wa kilemba cha njano, kwako hakuna kitu kilichotundikwa ambacho hukigusi? Haya, tuendelee.

Siku ya sikukuu ikafika, na Baba Limi akashinda. Akashinda kweli, si kwa bahati. Yule wa pili alikuwa hata vumbi lake halioni. Watu wakambeba juu juu. Wakamsindikiza mpaka nyumbani, ng'ombe mbele, ndama nyuma, ngoma inalia, na njia nzima wanaimba, "Baba Limi! Baba Limi!" Akaingia uani anatokwa machozi ya furaha. "Mama Limi, leta kibuyu! Kamua! Mwite mtoto anywe!"

Mama hakutoka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. Limi hakugeuza hata shingo kutazama ile ngoma.

Dada yake Baba Limi, aliyekuja na wasindikizaji kutoka kijiji cha mbali, akaingia ndani amchukue mtoto acheze naye. Akamnyanyua. Akamnyanyua kwa nguvu unayotumia kumnyanyua mtoto wa mwaka, na mikono ikapanda juu kupita alivyotarajia. Vigelegele vikamfia mdomoni. "Kaka," akasema, "huyu mtoto ana nini ndani?"

Hapo ndipo Baba Limi, kwa mara ya kwanza, akaitua baiskeli kutoka kwenye fikra zake. Kimfuko hakikuwapo, kwa hiyo wakamfunga mtoto kwenye kanga ya mama yake na kuipitisha kwenye kulabu. Limi hakurusha miguu. Alining'inia kimya, na mshale ukasogea kidogo, ukasimama.

Baba Limi akautazama mshale. Kisha akageuka akautazama ule mlundo wa vyuma pembeni, keria na stendi na madigadi na vingine vyote, ambavyo uzito wake anaujua kwa moyo. Mlundo ulikuwa mzito kuliko mtoto.

Akaikimbilia keria airudishe kwenye baiskeli. Akahangaika nayo, ndugu zangu, anaipachika inaanguka, anaipachika inaanguka, mpaka akakumbuka kwamba yale masikio aliyakata mwenyewe. Watu wakaazima pikipiki, mama akapelekwa na mtoto. Yeye akafuata nyuma na baiskeli yake nyepesi, anakanyaga kuliko alivyokanyaga kwenye mbio. Asiwafikie.

Alipoingia kituo cha afya alimkuta nesi ameshamlaza mtoto. Nesi anamuuliza mama kwa upole tu, hakuwa na ukali. "Dada, huyu hakupungua jana wala juzi. Amepungua taratibu, kwa muda mrefu. Mbona hamkumleta? Huko kwenu hakuna mizani ya watoto?"

"Ipo," mama akasema.

"Ipo wapi?"

"Nyumbani kwangu. Imetundikwa sebuleni."

"Sasa mbona hamkumpima?"

Mama hakumtazama mumewe. Akasema, "Ile inapima baiskeli."

Limi alifia pale pale kituoni, kabla jua halijazama. Na ng'ombe bado yupo. Anatoa maziwa mengi, kila asubuhi mama anamkamua, maana ng'ombe asipokamuliwa anaumia. Akishamaliza anasimama na kibuyu uani, hajui ampe nani.

Mnanitazama mkitaka niseme kwamba baadaye walipata mtoto mwingine, au kwamba yule bwana alitubu akawa mtu mpya. Sina. Nimeutafuta mwisho wa namna hiyo juma zima na sikuupata. Ninachojua ni kwamba mpaka leo wanamwita Baba Limi, na kila wanapomwita anaitika.

Sasa sisi. Usimtazame jirani yako, nasema sisi. Tunajua pamba yetu ina kilo ngapi, na mnunuzi akituibia hata nusu tunapigana. Tunajua simu imebakiza chaji kiasi gani. Tunajua timu yetu imepitwa pointi ngapi. Hata humu kanisani, bati zinazohitajika kwa paa hili tunazijua kwa idadi, nami wa kwanza. Lakini mwenzako unayelala naye kitanda kimoja, amebakiza nini ndani? Mama yako kule kijijini, mara ya mwisho kumshika mkono ni lini? Nasi tumewaambia wote, kwa upendo kabisa, vumilieni kidogo, ng'ombe yuko njiani.

Siwatumi mkanunue mizani. Iliyo rahisi kuliko zote mmekuja nayo leo, ni hii mikono miwili. Shangazi yake Limi hakutumia kingine.

Tusimame tuombe. Na ninyi mliopakata watoto, msiwaweke chini. Simameni nao hivyo hivyo, muwasikie uzito wao.