Gunzi la Mwalimu Asajile

Ajijibuye haambiwi. Ndivyo mkuu wa shule alivyomwambia Gwamaka leo alipotoka darasani, nanyi walimu wenzake mkaangua kicheko, kisha mkaja kuniuliza mimi mwalimu mstaafu maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Gwamaka acha kununa, hakuna mwalimu wa mazoezi aliyekufa kwa kuonywa. Methali hii ilianza hukuhuku kwetu Rungwe, katika shule moja ya sekondari, na walioianzisha hawakuwa wakicheka.

Palikuwa na Mwalimu Asajile, wa somo la uraia. Mtu nadhifu, suruali imenyooka kwa pasi, na moyo wa kufundisha alikuwa nao, tusimwonee. Wakati wenzake wakisoma notisi na darasa linanakili, yeye alisema wanafunzi lazima wajadiliane. Kila Alhamisi madawati yalisukumwa ukutani, wanafunzi wakakaa duara, naye akaleta gunzi la hindi. Mwenye gunzi ndiye msemaji, asiye nalo afunge mdomo. Wakaguzi walifunga safari kuja kulitazama gunzi hilo, wakamsifu, kichwa kikamvimba kidogo.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kimya kilimtisha. Akiuliza swali na darasa likanyamaza, hata kwa muda wa kumeza mate tu, alijiona kama mwenyeji ambaye wageni wamekataa chakula chake. Basi anauliza, anamkabidhi mtu gunzi, mtu anavuta pumzi, yeye keshalichukua: "Jibu ni kwamba..." Wanafunzi wakamjua. Wepesi wa maneno walijifunza kurukia swali kabla halijaisha, na wengine walijifunza kungoja tu, maana jibu lingekuja lenyewe. Darasa la watu arobaini, wasemaji wanne!

Miongoni mwa waliongoja alikuwa Tusekile, wa kidato cha tatu. Msichana mzito wa maneno, lakini insha zake Asajile aliwasomea wenzake katika chumba cha walimu. Alitaka kuwa muuguzi, na kila mtu aliamini atakuwa. Mwaka ule mama yake akapooza upande mmoja. Baba alikwishafariki, wadogo walikuwa watatu, na kila asubuhi ni Tusekile wa kumgeuza mama, kumwosha na kumlisha. Akawa anafika shuleni saa nne, na siku nyingine hafiki kabisa. Sheria ya shule ilikuwa kwamba ukikosa siku kumi bila taarifa, jina linafutwa. Na dawa ilikuwepo, jamani! Shule ilikuwa na mkondo wa mchana, na mwenye kazi ya kuhamisha wanafunzi kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine alikuwa Asajile mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe.

Mtasema si angekwenda kumwambia. Msiseme kirahisi. Kwao ugonjwa wa mzazi hautangazwi, na msichana haendi peke yake ofisini kwa mwalimu wa kiume akaanza kulia. Lakini Alhamisi moja Asajile aliuliza darasani, "Kwa nini mwanafunzi mwenye akili huacha shule?" Tusekile akanyoosha mkono, kwa mara ya kwanza mwaka ule. Jirani yake alishtuka hata akaangusha kalamu.

Asajile alifurahi, akampa gunzi. Tusekile akalishika kwa mikono miwili, akainama. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Mwalimu," akasema, "mwingine anakuwa..." Akanyamaza.

"Anakuwa mvivu, sivyo?" Asajile akadakia, na wallahi alidhani anamsaidia. "Usiogope, binti, sema! Uvivu na tamaa ya starehe. Mzazi anahangaika, mtoto anapenda kulala. Andikeni hiyo."

Akalitoa gunzi mikononi mwake polepole, huku akitabasamu. Darasa zima likaandika. Tusekile naye aliandika, kwa mwandiko wake mzuri.

Kufikia siku ile alikuwa amekosa siku nane. Juma lililofuata hakuonekana tena, na Jumatano Asajile alichukua rula na wino mwekundu, akapitisha mstari juu ya jina lake katika daftari la mahudhurio. Aliumia, sikatai. Akawaambia wenzake, "Starehe zimemponza binti yule."

Miezi mitano ikapita. Ikaja habari kwamba Tusekile amefiwa na mama yake, walimu wakaenda msibani. Asajile hajakaa vizuri kwenye benchi, akawasikia wanawake wakizungumza: "Huyu mtoto kamwuguza mama yake asubuhi na jioni, anamgeuza kama kichanga, mpaka shule ikamshinda." Aliinamisha kichwa. Kile chote alichokiandikisha darasani kilimrudia, neno kwa neno. Watu walipopungua alimfuata Tusekile, aliyekuwa ameketi mkekani na shangazi yake.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Lakini kwa nini hukuniambia?"

Tusekile alimtazama bila hasira yoyote. Heri angekasirika.

"Uliniuliza, Mwalimu. Nilikuwa nimeshika gunzi."

"Si ungenikatiza! Ungesema, Mwalimu, subiri kwanza!"

Shangazi akaweka chini vikombe alivyokuwa akikusanya. "Mwalimu, mtu akija na swali na jibu lake, sisi tumwambie nini? Ajijibuye haambiwi. Kunywa chai, itapoa."

Asajile hakugusa chai. "Rudi Jumatatu," akamwomba Tusekile. "Kuna mkondo wa mchana. Nakuandika leo hii."

"Ndaga, Mwalimu," alishukuru kwa lugha ya kwao. "Neno hilo lingenifaa siku ile. Sasa hawa watatu mimi ndiye mama yao, na Jumatatu naanza kuchuma chai shambani."

Asajile alifundisha miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Duara lake aliendelea nalo, na gunzi pia, ila sasa akiuliza swali alikaa chini, akaweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Wanafunzi walimcheka mwanzoni. Kimya kilikuwa kirefu, mpaka jasho likamtoka, halafu mtoto ambaye hakuna aliyemdhania akafungua mdomo, akasema jambo ambalo halimo katika kitabu chochote. Wakaguzi wakaja tena, wakamsifu kuliko mwanzo. Sifa zile zilimuuma, na kila alipopita njia ya mashamba ya chai alitazama pembeni.

Sasa, Gwamaka, leo nilikuwa nimesimama dirishani. Uliuliza, "Nani hajaelewa?" Ukajijibu, "Hakuna, vizuri," ukafuta ubao. Kona ya nyuma kuna mtoto mwenye sweta lililotoboka kiwiko, mkono wake ulikuwa umeshafika sikioni. Sijui alitaka kusema nini. Wewe pia hujui. Kengele ya kwenda nyumbani haijalia bado, kwa hiyo nenda kamwulize, na ukishamwuliza, nyamaza. Ajijibuye haambiwi.