Kasha la Bi Mwanahija

Tarishi wa Kisimani alichoka kutafuta nyumba za watu, akawa anabwaga vifurushi vyote kwa tajiri Shebe, alikopewa chai na mahamri. Bi Mwanahija, fundi cherehani, akaenda kudai vitambaa vyake.

"Kilichoingia kwangu ni changu," Shebe alifoka mbele ya majirani.

"Chochote, bwana?"

"Chochote! Hakitoki!"

"Haya. Nyote mmesikia."

Siku chache baadaye tarishi akabwaga kasha kubwa lenye jina la Mwanahija. Shebe akalifungua upesi. Akachomoza mjomba wake Mwanahija, mlafi asiyealikwa tena harusini, sahani mkononi.

"Pilau imeiva?"

Jioni Shebe alikuja mbio na vitambaa vyote. "Mchukue mjomba wako! Kamaliza hadi ukoko!"

Mwanahija akapokea vitambaa. "Ahsante, bwana. Ila mjomba kaingia kwako, na chako hakitoki."