Jina la Daraja la Nyamlenge

Hapo zamani, si zamani za mababu bali za juzijuzi tu, mto Nyamlenge ulimchukua mdogo wa Sekela akienda shule. Baada ya matanga Sekela akamwambia mama yake, "Nitasomea uhandisi wa ujenzi. Mto huu tutauvuka kwa miguu mikavu."

Akaingia chuo kikuu. Mwaka wa kwanza hesabu zikamwangusha. Wahadhiri wakamwambia ahamie kozi nyingine. Akakataa, akarudia, akapita. Mwaka wa mwisho, kwa mradi wa kuhitimu, akachora daraja la Nyamlenge. Wilaya ikalipenda, ikatoa saruji na nondo.

Akaenda kijijini na wanafunzi wenzake wawili wa mradi huo, Mbonea na Halfani. Mbonea alikuwa mtu wa kupima udongo. Alichimba pale Sekela alipochora nguzo, akatikisa kichwa.

"Dada, mwamba huu ni ganda tu. Chini yake tope. Daraja litaanguka na watu."

"Unajua nimelichora kwa muda gani?"

"Najua. Chora tena."

Sekela alinuna kutwa nzima. Kisha akachora tena, upande wa juu zaidi wa mto, penye mwamba wa kweli.

Wakajenga, wao na wanakijiji. Zege la nguzo ya mwisho lingali bichi, mvua ikapiga milimani, mto ukafura, gogo likaja moja kwa moja kwenye nguzo. Halfani akajifunga kamba, akajitosa. Akalisukuma gogo likapita kando, lakini likamvunja mguu. Akakosa mitihani ya mwisho; wenzake wakahitimu, yeye akarudia mwaka.

Siku ya ufunguzi mwenyekiti wa kijiji akasema, "Wanangu, ubao wa jina la daraja ni mdogo. Unabeba jina moja."

Mbonea akasema, "Bila mimi, leo mngekuwa mnazika watu."

Halfani, mkongojo kwapani, akasema, "Bila mimi, nguzo ingekwenda na maji. Nanyi mngehitimu kwa lipi?"

Sekela akawatazama watoto wanaovuka wakikimbizana. Akasema, "Bila mimi, nyie wawili Nyamlenge mngeijua wapi?"

Hakuna aliyesema uongo. Mwenyekiti amesimama na brashi, rangi inamdondoka viatuni, anawatazama ninyi mnaosikiliza. Aliyelitaka daraja, aliyelikosoa, au aliyelikinga: je, nani alistahili?