Shule ya Fisi ya Kuchimba Mashimo

Haya, ngano inakuja!

— Ije, tumekaa!

Hapo kale, kale sana, Nguchiro alikuwa binti yatima mwenye wadogo wawili, na hawakuwa na shimo la kulala. Masika yalikaribia, na mvua ya kule haikuuliza nani ana mama na nani hana.

Simba akatangaza kwamba yatima wote wafundishwe kuchimba, wapate makao na kazi. Nani awafundishe? Wanyama wakaona Fisi anakaa kwenye shimo zuri kuliko yote, wakasema huyu ndiye fundi. Hakuna aliyeuliza nani alilichimba. Simba akawa anampelekea mbuzi, chakula cha wanafunzi. Mbuzi, kwa Fisi! Wanyama nao wana akili zao.

Siku ya kwanza wanafunzi walifagia shimo la Fisi. Nguchiro akauliza, "Mwalimu, tutachimba lini?"

"Kwanza adabu," akasema Fisi, mdomo umejaa mbuzi.

Siku ya pili walimchotea mke wa Fisi maji. Nguchiro akauliza tena.

"Kwanza adabu."

Siku ya tatu walimkuna Fisi mgongo. Nguchiro hakuuliza. Mawingu yalikuwa yameshatanda, wadogo zake wanatetemeka, na roho ilimuuma kweli.

Akaenda kwa Simba, akamsifu mwalimu wake mpaka Simba akataka kuja kujionea. Simba alipofika shuleni na wanyama wengine, Nguchiro akapiga goti mbele ya wote.

"Bwana mkubwa, tumefundishwa adabu mpaka inatutoka puani. Mwenye adabu hamtangulii mwalimu wake. Achimbe yeye kwanza, sisi tufuate."

Fisi akaparura, akaparura, kucha zikachubuka, akaishia kujamba. Msicheke, ninyi wa nyuma.

Hapo Muhanga, yule mla mchwa mwenye pua ndefu, akajitokeza akifoka kwamba shimo lile ni lake. Alitoka kutafuta mchwa tu, kurudi akamkuta Fisi anakoroma ndani.

Simba akamkabidhi wanafunzi papo hapo. Muhanga alikuwa na mdomo mchafu, lakini siku ileile aliwatia kucha udongoni. Mvua iliponyesha, Nguchiro na wadogo zake walilala pakavu, na Ngiri alikuwa ameshamwita yule binti akamchimbie shimo la kwake.

Fisi naye Simba akamwamuru awe mwanafunzi. Akapewa ufagio.

"Tutachimba lini?" akauliza.

Nguchiro akamjibu, "Kwanza adabu."

Basi, wanangu, ukitaka kumsaidia kijana, mtie kazi mkononi, na uangalie nani anakula mbuzi wake. Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyenuna akalale.