Mtoto Aliyekaa Siku Saba Bila Jina

Hapo zamani, na sisemi zamani za wafalme na majini, nasema zamani ya juzi hii ya malori na simu, palikuwa na mtoto wa kike aliyekaa siku saba duniani bila jina. Si kwamba alikosa wa kumpa. Watu watatu walimgombea! Kaeni vizuri niwaambie, na nikimaliza mtanijibu, maana mimi na mke wangu tumebishana juu ya jambo hili mpaka chakula kikapoa.

Wa kwanza alikuwa Lukelo, dereva wa lori la kontena. Umri miaka hamsini, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza barabarani. Hana mke, hana mtoto, nyumba yake ni kebini. Dereva hodari huyo, milima ya kusini aliijua kona kwa kona. Na alikuwa na sifa moja ambayo matajiri wa malori waliipenda kuliko zote: haulizi. Akikuta kontena limeshafungwa na lakiri imepigwa, ule ufungo wa chuma wenye namba, anachukua karatasi, anasaini, anaondoka.

Siku hiyo karatasi zilisema marobota ya mitumba. Tajiri wake akamwambia, "Hilo usilifungue hata wakikuambia linaungua. Ukivunja lakiri usirudi kwangu, na kazi ya lori hutaipata popote." Lukelo akacheka. Lini aliwahi kuvunja lakiri?

Kumbe ndani hamkuwa na robota hata moja! Mlikuwa na wanawake kumi na mmoja, waliodanganywa kwamba ng'ambo ya mpaka kuna kiwanda cha kushona nguo kinawasubiri. Waliambiwa waingie humo dakika kumi tu, wapite kizuizi cha polisi, kisha wahamie kwenye basi. Pasi zao na simu zao zikachukuliwa, eti zitunzwe. Mmoja wao, Inamahoro, kutoka Burundi, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mlango ukafungwa, na dakika kumi zikawa asubuhi nzima ya jua kali.

Saa nne Lukelo alisimama kunywa chai. Akazima injini. Akasikia: ko, ko, ko. Akasema, bati hilo, linatanuka kwa jua. Akamaliza chai yake.

Saa sita, kwenye foleni ya mizani, akasikia tena: ko, ko, ko. Safari hii hakusema ni bati. Safari hii aliongeza sauti ya redio. Lo, Lukelo! Lakini lakiri ni lakiri, na yeye ndiye yule asiyeuliza. Hayo tunayajua mimi na nyinyi tu. Hakumwambia mtu.

Wa pili alikuwa Chaula, mpimaji wa magari pale mizani. Lori likapanda, Chaula akatazama namba. Uzito haukuzidi. Tena ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwenye karatasi, na mizani haimkamati mtu kwa kupungukiwa. Lakini namba ilikataa kutulia. Inapanda, inashuka, inapanda. Kila mpimaji anajua maana yake: namba hucheza hivyo kwa gari la ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe wanahamisha miguu. Robota la mitumba lina miguu? Chaula alijua. Mwezi uliopita malori mawili namba zake zilicheza vilevile, na mkubwa wake akamwambia, "Kazi yako ni uzito, mzigo haukuhusu." Akayaruhusu. Na hili la leo nalo akaliruhusu.

Ila lilipotoka tu, roho ikamsuta. Akapiga simu polisi, wakamwambia wanakuja. Wanakuja lini? Chaula akaacha kiti chake, akaacha malori yanapiga honi, akapanda pikipiki, akakata njia ya mashambani mpaka akatokea mbele ya lori. Sasa atalisimamishaje, na yeye hana sare wala bunduki? Akafanya jambo ambalo watu wa barabara hawalifanyi kabisa. Mnajua wenyewe: lori likiharibika, dereva hukata matawi akayatandika barabarani, kuwaonya wenzake kwamba mbele kuna gari bovu. Matawi hayo yanaaminika kuliko kibao cha serikali. Chaula akayakata, akayatandika kwenye kona, pande zote mbili, na mbele ya kona hapakuwa na gari bovu lolote. Akajificha kichakani.

Lukelo akayaona, akakanyaga breki. Akazima injini ashuke amsaidie mwenzake, maana hata yeye alikuwa na utu wake.

Hapo ndipo alipotokea wa tatu. Tumpe, mama mchoma mahindi, alikuwa na jiko lake palepale konani. Akaja na mahindi mawili mkononi auze. Ghafla akasimama. Ko, ko, ko. Taratibu sana.

"Kaka, umebeba nini?"

"Mitumba, mama."

"Mitumba inabisha hodi?"

"Bati hilo. Jua kali."

"Bati! Mimi nimezaliwa chini ya bati, baba. Bati halibishi mara tatu likanyamaza kusubiri lijibiwe!"

Lukelo akarudi kebini, akawasha injini. Tumpe akatupa mahindi, akalala chini mbele ya tairi, kanga na yote. "Pita basi! Pita juu yangu, uwamalize wote kwa siku moja!" Chaula naye akatoka kichakani mbio. "Zima gari, bwana! Namba ilikuwa inacheza, nimeiona kwa macho yangu! Polisi wako njiani, tusubiri nusu saa tu."

Lukelo akazima. Wakasikiliza wote watatu. Kimya. Hodi haikuja tena.

"Nusu saa?" Lukelo akasema. "Husikii kwamba hawabishi?" Akachukua mtaimbo, akaipiga lakiri pigo la kwanza, la pili, la tatu, ikakatika. Mlango ukafunguka, na joto lililotoka humo liliwarudisha nyuma. Wanawake walikuwa wamelaliana, lakini wote kumi na mmoja walikuwa hai. Jioni hiyo, katika zahanati ya jirani, Inamahoro alijifungua mtoto wa kike. Tajiri akakamatwa. Lukelo hakupata kazi ya lori tena, sawasawa na alivyoahidiwa.

Siku ya saba Inamahoro akawaita wote watatu.

"Sina ndugu katika nchi hii," akasema. "Mmoja wenu ampe mtoto jina, na huyo ndiye atakuwa ndugu yangu. Msiniambie majina matatu. Majina matatu ni ya ofisini. Nataka moja, la kumwita akilia."

Lukelo alilitaka hilo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Alikuwa na jina la marehemu mama yake, na hakuwahi kuwa na mtoto wa kumpa.

Chaula akaanza. "Mimi ndiye niliyejua kwanza. Bila matawi yangu mngekuwa ng'ambo ya mpaka."

"Matawi ya uongo!" Lukelo akamkatiza. "Kesho dereva atayaona ya kweli, asiyaamini, afe."

Tumpe akasema, "Chaula aliona namba. Mimi nilisikia watu, nikalala mbele ya tairi. Nani mwingine alihatarisha uhai wake?"

"Ungelala hapo mpaka jioni, mama," Lukelo akajibu, "na mlango ungebaki umefungwa. Nyinyi mlijua. Mimi nilifungua, na kazi yangu ikaishia pale pale."

Inamahoro akamgeukia. "Baba, lori lilisimama mara mbili kabla ya kona ile. Tulibisha mpaka vidole vikatoka damu. Ulitusikia?"

Hakuna aliyejua ila yeye. Angesema hapana, yangekwisha.

"Niliwasikia," Lukelo akasema. "Mara ya kwanza nilijidanganya. Mara ya pili sikujidanganya, niliongeza redio."

Tumpe akaruka. "Basi, tumemaliza!" Lakini Chaula akainamisha kichwa. "Hatujamaliza, mama. Mimi niliyaruhusu mengine mawili, na waliokuwemo sijui wako wapi."

Tumpe akakaa chini taratibu. Inamahoro akasimama katikati yao na mtoto mikononi, na mtoto akaanza kulia.

Haya, wenzangu, msiniangalie mimi. Yuko aliyejua akachelewa, yuko aliyesikia akajilaza mbele ya tairi, yuko aliyeziba masikio kisha akavunja mlango na kusema kweli. Mtoto analia, na hana jina la kubembelezewa. Je, nani alistahili kumpa?